Kola za Nira

Jumatatu ile, saa moja kasoro robo asubuhi, fundi cherehani aliyeitwa Futi alikuwa ameketi mlangoni pa duka lake akifumua kiuno cha suruali ya mwalimu mkuu. Ilikuwa mara ya tatu mwaka huo kuipanua suruali hiyo, na kila mara alikuwa amemhakikishia mwenyewe kwamba hajanenepa hata kidogo, tatizo ni vitambaa vya siku hizi, vikifuliwa vinarudi. Futi alikuwa mkweli kwa nguo tu. Watu aliwaambia yale yatakayowafanya warudi tena dukani.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya futi ya kupimia aliyoivaa shingoni tangu anafungua duka hadi anafunga. Wenye midomo yao walisema hulala nayo, na kwa hilo hawakumsingizia. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikaa chumba kimoja nyuma ya duka, na kaka yake, ndugu wa pekee wa tumbo moja, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Aliyebaki ni mjane wa huyo kaka, wifi yake, aliyefanya kazi katika kiwanda kikubwa cha kufulia, kule yanakopelekwa mashuka ya hospitali na ya hoteli. Kila jioni wifi alipotoka kazini alipitia dukani, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, wakanywa chai na kuwasema watu kidogo. Muda huo mfupi ndio uliokuwa siku ya Futi. Saa zilizobaki zilikuwa za kushona.

Kwa hiyo alishangaa kidogo kumwona wifi anakuja asubuhi. Alikuja kwa ubavu, taratibu, amejifunga shuka la kitandani kifuani, na shingoni alikuwa na nira.

"Wifi, gauni halipiti," alisema.

Futi aliweka suruali ya mwalimu mkuu kando, akasimama, akamzunguka. Ilikuwa nira ya kweli, ile wanayofungwa ng'ombe wa kulimia, mti mweusi mzito ulionyooka, wenye matao mawili kwa chini. Tao moja lilikuwa limekaa juu ya shingo ya wifi, limefungwa kwa vijiti viwili visivyong'oka. La pili lilikuwa tupu, limetokeza upande wa kushoto, ndiyo maana wifi alisimama amepinda kama mtu aliyebeba ndoo moja.

"Imeanza lini?"

"Nimeamka nayo."

"Inauma?"

"Inaelemea. Kuuma naona kutakuja baadaye."

"Na wenzako?"

"Wote wako njiani, wanakuja hapa. Mimi nimewahi foleni."

Futi akapima. Kutoka shingo hadi mwisho wa mti upande wa kushoto, inchi thelathini na moja. Alichukua gauni la wifi, akalichana mabegani pande zote mbili hadi kwenye makwapa, akatia utepe na vifungo vinne kila upande, na katika muda wa dakika ishirini wifi alikuwa amevaa na yuko njiani kwenda kazini. Mpaka saa sita mchana Futi alikuwa amechana na kutia vifungo magauni kumi na matano. Wanawake walisimama kwenye foleni mbali mbali kidogo ili miti isigongane. Hakuna aliyelia. Waliuliza tu kama vifungo vitahimili kufuliwa, na Futi akasema vitahimili, na safari hii alikuwa anasema kweli.

Jana yake, Jumapili, Mchungaji alikuwa amefungua mfungo wa siku arobaini. Somo la siku hiyo lilitoka kwa nabii mmoja mkali, anayewauliza watu wanafunga kwa faida ya nani ikiwa siku hiyo hiyo ya kufunga wanawakamua wafanyakazi wao na kugombana na kupigana ngumi, kisha anawaambia kwamba mfungo unaompendeza Mungu ni kuwaacha huru walioonewa na kuvunja kila nira. Kanisa zima liliitikia amina. Mkurugenzi wa kiwanda cha kufulia, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa na alikaa benchi la mbele, aliitikia kwa sauti kuliko wote, maana kifua anacho. Huenda mambo hayo mawili yalihusiana, huenda hayakuhusiana. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu wiki ile kila mtu alikuwa na njaa.

Watu walizoea haraka. Seremala aliyekuwa mkabala na duka la Futi alijaribu kuikata nira ya mlinzi wa geti la kiwanda. Msumeno ulipita kutoka juu hadi chini bila shida, na mti ukajifunga nyuma yake kama maji yanavyojifunga nyuma ya kikombe. Seremala alirudia mara mbili, akaona anaharibu msumeno bure, akamwomba mlinzi radhi. Baada ya hapo alipata kazi ya kupanua milango. Nira zilionekana pia kwa wavunja kokoto, kwa wanaume wanaoosha magari, na kwa madada wa kazi za ndani, akiwemo dada wa kazi wa Mchungaji mwenyewe. Jumapili ya pili Mchungaji aliwaombea kwa uchungu mkubwa, akawawekea mikono, akiangalia asikwaruze pete. Kisha katibu akasoma tangazo kwamba wenye nira wakae mwisho wa mabenchi, mti ukielekea nje, ili wasiwasumbue waumini wengine.

Nyapara wa kiwanda hakuwa na nira. Mkurugenzi hakuwa nayo. Futi pia hakuwa nayo. Kila asubuhi alijipapasa shingo kabla ya kuinuka kitandani, asijue kama anaogopa kuikuta au anaona aibu kutoikuta.

Lile tao tupu ndilo lililowachosha wanawake. Mzigo wenyewe, walisema, ungebebeka kama usingekuwa wa upande mmoja. Wifi na mwenzake wa chumba cha pasi walijaribu kusaidiana, kila mmoja akaingiza kichwa katika tao tupu la mwenziwe, lakini miti iligongana na kukwama, na ikawabidi wakae vile, paji la uso kwa paji la uso, mpaka nyapara alipokuja kuwatenganisha kwa mpini wa fagio. Wakajifunza kwamba mwenye nira hawezi kushika upande wa mwenye nira. Ilihitaji shingo iliyo wazi. Shingo zilizo wazi zilikuwa nyingi mjini, na zote zilikuwa kwenye mfungo.

Wiki ya tatu Mkurugenzi alikuja dukani mwenyewe. Alikuwa mtu mpole wa maneno, aliyesalimia mpaka paka.

"Fundi, hawa ni kama wanangu," alisema. "Siwezi kuwaona wanachubuka shingo nikakaa kimya. Nataka uwashonee sare. Nguo nzuri, ya buluu. Na kola."

"Kola ya namna gani, Mzee?"

"Kola pana. Ndani utie sponji, nje ipendeze. Ifunike."

"Ifunike shingo?"

"Ifunike mti, Fundi. Mti wote. Tuna mgeni, Mkaguzi wa ofisi ya kazi, anakuja siku ya thelathini na tano ya mfungo. Nyumba ikiwa na mgeni si lazima ipambwe?"

Zilikuwa sare mia moja na ishirini. Futi hajawahi kupata oda ya namna hiyo tangu azaliwe. Jioni ile alimweleza wifi kwa furaha, akamchorea kwa chaki juu ya ubao wa kukatia jinsi kola itakavyokaa: bitana laini ndani, sponji ya unene wa vidole viwili, mkunjo mpana unaoshuka pande zote mbili kama mabawa ya kofia. Alikuwa amefikiria kila kitu. Alikuwa amefikiria hata jasho.

"Hamtachubuka tena, wifi. Mtakaa kama mmelalia mto."

Wifi aliutazama mchoro muda mrefu. Kwenye shingo yake ngozi ilikuwa imeshatoka, pamebaki wekundu.

"Ni kola nzuri," alisema, akanywa chai yake.

Futi alishona. Alishona kabla ya jua na baada ya jua, akasahau kula, jambo ambalo kwa majira yale lilihesabiwa kuwa ibada. Na kwa kweli aliwashonea kwa upendo. Kila mwanamke alimpima peke yake, akamuuliza wapi panaelemea zaidi, akaongeza sponji hapo. Fundi ukimwonyesha mtu anayeteseka, kwanza ataangalia nguo imembana wapi. Ndivyo macho yake yalivyofunzwa, na miaka thelathini ya kufunzwa si mchezo.

Siku ya thelathini na mbili, yule mwanamke wa chumba cha pasi aliyekwama na wifi alifariki. Alikuwa ameunguza shuka moja la hoteli, nyapara akampiga, kisha akamfungia katika chumba cha mvuke, wanamokaushia mashuka, ili ajifunze. Alisema atamfungulia baada ya saa moja. Halafu alikwenda kwenye maombi ya mchana, na maombi yalikuwa marefu. Kiwanda kilitoa taarifa kwamba marehemu alikuwa na shinikizo la damu la siku nyingi. Nira haikutoka, hata alipooshwa. Seremala alitengeneza jeneza lenye mabega, na wachimba kaburi wakaongeza upana bila kuambiwa. Mkurugenzi alisoma wasifu wa marehemu, sauti ikamkatika mara mbili. Alikuwa analia kweli, na hilo lilimchanganya Futi kuliko kama angejifanya.

Jioni ya maziko wifi alikuja dukani. Hakukaa kwenye kigoda. Alisimama mlangoni kwa ubavu, kama kawaida ya siku hizo, amepinda upande wa kushoto mpaka mkono ukawa karibu kugusa goti.

"Siwezi kufika nyumbani, wifi," alisema. "Miguu inataka. Shingo ndiyo imekataa."

Futi alivua futi yake akaitundika kwenye msumari. Kisha, kwa kuwa hakuna jambo lingine la kufanya lililokuwa karibu, aliinama, akapitisha kichwa katika lile tao tupu, akasimama.

Wifi alinyooka. Ilikuwa mara ya kwanza katika mwezi mzima Futi kumwona urefu wake wote. Mzigo ulimshukia Futi mabegani, haukuwa mzito kama alivyodhani, ulikuwa mzito kama ulivyo. Na ndani ya ule uzito mlikuwa na vitu. Mlikuwa na kengele ya kuingia kazini, na komeo la mlango mkubwa likifungwa kwa nje, na sauti ya nyapara akihesabu, na joto, na mtu anagonga. Alikuwa anagonga bati kwa kiganja, si kwa nguvu, kama mgeni mwenye adabu. Aligonga kwa muda mrefu sana. Kisha akawa anagonga kwa kupumzika. Kisha hakugonga.

"Umesikia?" wifi aliuliza.

"Nimesikia."

"Mimi nilisikia wakati ule ule. Nilikuwa hatua sita kutoka mlangoni. Nikaendelea kukunja mashuka, wifi. Niliambiwa nikiacha kukunja, ninayefuata ni mimi."

Walitoka pamoja. Njia ya kutoka dukani hadi chumba cha wifi ni ya robo saa, na robo saa nzima walitembea mguu kwa mguu, jua likizama, watu wakiwapisha. Mwanzoni walikanyagana. Kwenye mtaro ilibidi wahesabu moja mbili ndipo wavuke. Walipofika mlangoni kwa wifi walijaribu kuingia wakiwa wameelekea mbele, wakagonga kizingiti, wakajaribu kwa ubavu, wakakwama tena, na wifi akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na nira nzima ikatikisika, na Futi naye akashikwa na kicheko, wamesimama nusu ndani nusu nje kama kabati linalohamishwa. Futi alikuwa na furaha. Alikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu kaka yake afariki, na aliona haya kwamba furaha yenyewe ameikuta mahali pale.

Hatimaye waliingia, wakakaa kitandani, bega kwa bega.

"Kesho kutwa Mkaguzi anakuja," wifi alisema. "Tungeingia pale getini hivi hivi, mimi na wewe, bila kola. Mimi nikifungua mdomo nimefukuzwa kabla sijaufunga, na wenzangu hivyo hivyo. Mti ndio mdomo wetu. Lakini wewe Mkurugenzi hana pa kukufukuza. Mkaguzi atakuuliza wewe ni nani na kola yako iko wapi. Utamwambia ulichosikia. Ni hicho tu."

Futi alitazama mikono yake. Alitaka kusema kwamba anaogopa. Alitaka kusema kwamba Mkurugenzi ni mzee wa kanisa na amelia makaburini kwa machozi ya kweli, na kwamba yeye ni mwanamke mmoja mwenye cherehani moja. Lakini fundi akiogopa hukumbuka oda.

"Wifi," alisema, "zimebaki kola ishirini na sita."

Wifi aligusa shingo yake palipochubuka.

"Sponji ni nzuri," alisema. "Sikatai. Wenzangu wanakuombea dua kwa ajili ya hiyo sponji. Ila ukishatufunika, nani atatuona?"

"Nikiacha, watachubuka."

"Watachubuka, ndiyo." Alishusha pumzi. "Haya. Nenda kamalizie."

Futi akainama, akatoa kichwa chake. Upande wa kushoto ulishuka, na wifi akashuka nao, mpaka kiwiko kikagusa godoro. Akalala hivyo hivyo, ameupa ukuta uso wake. Futi alimvua viatu, akamfunika, akarudi dukani peke yake, shingo yake nyepesi mno.

Kola zilikwisha. Siku ya thelathini na tano wafanyakazi mia moja na ishirini walisimama katika mistari minne mbele ya kiwanda, wamevaa buluu, kola zimewashuka mabegani pana na safi, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na mtu asiyejua angedhani ni mtindo. Futi alikuwa ameombwa awepo, akiwa na pini, endapo kola ya mtu itacheza.

Mkaguzi alikuwa bwana wa makamo, mchovu, mwenye viatu vya vumbi na sura ya mtu mwema. Alipita mstari kwa mstari. Aligusa kola mbili tatu kwa kidole.

"Nani ameshona hizi?"

Futi alinyoosha mkono.

"Kazi safi sana, mama. Hata mke wangu ningemletea."

Kisha alisimama mbele yao akauliza, kama sheria inavyomtaka, iwapo yupo mfanyakazi mwenye malalamiko yoyote. Alisubiri. Alisubiri kwa dhati, daftari limefunguliwa, kalamu juu ya karatasi. Nyapara alikohoa. Mkurugenzi alitabasamu kuwatia moyo. Kiwanja kizima kilikuwa kimya, na katika ukimya huo Futi akaona kwamba kola ya wifi, mstari wa pili, imefunguka. Vifungo vyote vinne vya upande wa kushoto vilikuwa wazi, kitambaa kimeangukia mgongoni, na mti umetokeza mweusi na mrefu juani, pamoja na lile tao tupu. Mkaguzi alikuwa anaanza kugeuza kichwa upande ule.

Mikono ya fundi haimngoji mwenye mikono. Futi alikuwa amekwisha kutembea hatua saba, amekwisha kuinua kitambaa, kukinyoosha, kufunga vifungo vyote vinne na kuongeza pini ya kushikilia, kabla hajafikiri lolote. Alipapasa mkunjo ukalala vizuri. Ndipo alipoinua macho akakutana na macho ya wifi, na akaelewa kwamba vifungo vinne havifunguki vyenyewe. Yeye ndiye aliyevishona. Alijua vilivyoshikilia.

"Wifi," alinong'ona.

"Asante, Fundi," wifi alisema. Hajawahi kumwita hivyo.

Futi alirudi mahali pake hatua saba. Mdomo aliufungua, au alidhani ameufungua, na Mkaguzi akafunga daftari. Aliandika katika taarifa yake kwamba wafanyakazi ni nadhifu na wana ari, akapendekeza viwanda vingine vije kujifunza. Kisha akapewa soda.

Mfungo ulikwisha kwa sherehe. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa siku arobaini za baraka, na Mkurugenzi akasimama akashangiliwa. Nira zilibaki. Wenye machimbo ya kokoto waliagiza kola, wenye kuosha magari wakaagiza, na mke wa Mchungaji akaagiza moja ya dada wa kazi, ya maua maua, kwa sababu alikuwa na huruma. Futi alilazimika kununua cherehani ya pili. Watu walimsifu barabarani, wakasema ameguswa na shida za wenzake.

Wifi hakupita tena. Alikuwa amepata njia nyingine ya kurudi nyumbani, ndefu zaidi, inayozunguka nyuma ya uwanja. Futi aliendelea kuchemsha chai ya watu wawili, akinywa kikombe kimoja na kumwaga kingine kwenye mtaro baada ya kupoa. Mara mbili alikwenda kubisha hodi chumbani kwa wifi, na mara zote mbili alisikia mtu ndani amenyamaza. Kanisani alimwona kwa mbali, mwisho wa benchi, mti umeelekea nje. Alitamani kwenda kukaa karibu naye, lakini kukaa karibu naye kulihitaji jambo moja tu, na mbele ya watu wote wale hakuweza kuliinamia. Upweke ulimla. Hakuna namna nyingine ya kusema.

Jumamosi moja mchana, miezi minne baadaye, wifi alikuja. Alikuwa amekonda, na alipiga hodi kama mteja.

"Karibu, wifi. Karibu ukae, chai iko tayari."

"Nina haraka. Naomba kipimo."

"Kola imelegea?"

"Kola iko sawa. Nataka mfuko." Aligusa lile tao tupu kwa mkono wa kushoto. "Hapa. Mfuko mgumu, wa turubai, ukae ndani ya hili tao. Wa kuwekea kitu kizito."

"Kitu gani?"

"Chochote cha kusawazisha. Nimechoka kuyumba."

Futi alileta futi. Aliizungusha ndani ya tao, mahali ambapo jioni ile moja aliingiza kichwa chake. Inchi kumi na nne na nusu. Hakuhitaji kuandika, kilikuwa kipimo chake mwenyewe.

"Wifi," alisema, futi bado mkononi, "Jumatatu nitakuja mimi. Asubuhi, mpaka getini, mpaka ndani. Nitaingia nawe."

Wifi alimtazama. Hakumtazama kwa hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Jumatatu una oda ya watu wa kokoto," alisema taratibu. "Nimewaona wakipanga."

Ilikuwa kweli. Kola themanini, zilizoahidiwa Jumatatu jioni. Futi aliinama akakata turubai. Alishona mishono miwili ubavuni na mitatu chini, akatia utepe kuzunguka mdomo wa mfuko ili usikatike. Hajawahi kushona mfuko imara kama ule. Aliuvalisha ndani ya tao, akaufunga, akavuta kwa nguvu zake zote, haukusogea.

Wifi alitazama huku na huku. Karibu na kizingiti palikuwa na nusu tofali ambalo Futi hutumia kuzuia mlango. Aliliinua, akalipima kwa mkono, akalitumbukiza mfukoni, akaongeza na kipande cha chuma alichokuja nacho. Kisha akanyooka pole pole, urefu wake wote.

"Sasa iko sawa," alisema. "Asante, wifi."

Kusikia anaitwa wifi kulimchoma Futi kuliko kule kuitwa Fundi. Alisimama mlangoni akimtazama anashuka barabara, wima, hayumbi hata kidogo, hamhitaji mtu, hadi alipokata kona. Alipogeuka, wanawake watatu wa kiwandani walikuwa wameshapanga foleni ukutani, miti yao imeachana vizuri, kila mmoja ameshika tofali lake mkononi.